Kichwa cha Dada Mikononi mwa Kinyozi

Kwa maelezo ya Mama Dirisha, dada yangu aliingia kwa kinyozi, pazia likashushwa, na alipotoka alikuwa anacheka peke yake huku akifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyetoka kuoga. Mama Dirisha ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Jina hilo tulimpa mimi na Dada, kwa kuwa dirisha lake halifungwi na yeye habanduki hapo. Huwa anatia chumvi, lakini chungu chenyewe huwa kipo jikoni kweli.

"Mimi sisemi kitu," aliniambia. Alikuwa amekaa mkekani, kichwa chake kiko katikati ya magoti yangu, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Nasema tu pazia lilishushwa. Na Jumamosi ya nyuma yake lilishushwa pia. Mwanamke na kinyozi wa wanaume, wana lipi la kuongea nyuma ya pazia?"

"Labda alimpelekea salamu."

"Salamu gani za kufungiwa pazia, mwanangu? Nakuambia kwa ajili ya heshima ya nyumba yenu."

Nikakaza msuko.

"Taratibu, mama. Ngozi hiyo bado naitumia."

Alidhani nimekasirika kwa sababu ya heshima ya nyumba, na mimi sikumrekebisha. Dada angekuwa na mpenzi ningefurahi, hata chai ningewaandalia. Kilichoniuma ni kile kitambaa. Dada alikuwa amekivua mbele ya mtu, na mtu huyo si mimi.

Kichwa cha Dada ndicho kilichokuwa shule yangu ya sekondari. Nilipomaliza shule ya msingi na ikaonekana safari yangu imeishia hapo, yeye alitandika mkeka, akakaa, akaniambia, "Haya, haribu." Niliharibu kweli. Alikuwa akienda kazini na njia zilizopinda kama mlevi amezichora, na akiulizwa anasema ndiyo mtindo mpya. Kila Jumamosi mchana alinipa kichwa chake, mpaka nikawa msusi, mpaka wateja wakaanza kunifuata nyumbani. Na hata walipojaa, Jumamosi mchana ilikuwa ya Dada. Nilijua nywele zake zinavyozunguka utosini. Nilijua kovu dogo nyuma ya sikio, na kwamba ukifika hapo atakuwa ameshasinzia.

Halafu madaktari wakakuta uvimbe ndani ya kichwa hichohicho, juu ya sikio la kushoto, wakasema atapigwa mionzi. Jumamosi kabla ya kuanza nilimuuliza nimsuke mtindo gani. Akasema, "Wowote, ila si ule msuko wa twende kilioni. Watu wataelewa vibaya." Tulicheka mpaka nikapoteza njia niliyokuwa nimeigawa.

Wiki ya tatu nywele zikaanza kutoka. Hazikutoka zote. Zilitoka pale mionzi ilipoingilia na upande wa pili ilipotokea, zikabaki kwenye mto kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Dada akafunga kitambaa. Nilipomsogelea akanizuia kwa kiganja.

"Wamesema kisiguswe."

Nikaamini. Nikasubiri matibabu yaishe, nikaendelea kusubiri yalipoisha. Nilikuwa nakipima kile kitambaa kwa macho, asubuhi kimekaa hivi, jioni kimekaa vile, nikikisia nywele zimefika wapi chini yake. Zikifika urefu wa kushikika kwa ncha za vidole, rasta, zile nywele za kuunganishia, zinaweza kushikizwa, na palipobaki kiraka pakafunikwa asijue mtu. Nilishanunua rasta za rangi yake, nikaziweka chini ya kitanda. Kumbe mwenzangu anakipeleka kichwa kwa kinyozi.

Jumamosi iliyofuata Dada alisema anatoka kidogo. Nilimwacha afike kona, nikamfuata.

Yule kinyozi watu wanamwita Taratibu, kwa sababu mteja akikaa kwenye kiti chake ndevu za pili zinaanza kuota kabla hajamaliza za kwanza. Kibanda chake, kinachoonekana pale kona hata kutoka dirishani kwa Mama Dirisha, kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa, na mashine za kunyolea zimening'inia kwenye misumari. Pazia lenyewe ni shuka la maua lililotundikwa kwenye kamba, na shuka haliwezi kuziba kila pembe. Nilisimama mlangoni, nikavua kiatu kimoja kama ninayetoa kokoto.

Dada alikuwa ameegemeza kisogo kwenye beseni, kitambaa kimekunjwa mapajani. Kinyozi alikuwa anammiminia maji kwa kikombe, na kwa mkono wa pili amemziba Dada sikio maji yasiingie. Lile sikio la kushoto. Hiyo ilikuwa kazi yangu.

Nywele zilikuwa zimerudi, wala hakuna aliyeniambia. Tena hazikuwa zile. Zile zilikuwa nyeusi tii, ngumu, zimevunja meno ya vitana vyangu vingi. Hizi zilikuwa laini, rangi ya vumbi, zimelala kama za mtoto mchanga, na juu ya sikio kimebaki kiraka kitupu kinachong'aa. Macho ameyafumba, mdomo umelegea kidogo. Usingizi ule naujua. Ulikuwa wa magotini kwangu.

"Karibu ndani, shemeji," kinyozi akasema bila kugeuka. "Kioo kinakuonyesha tangu ulipoanza kutafuta hiyo kokoto."

Niliingia na kiatu mkononi. Dada alifumbua macho, akaniona, akayafumba tena.

"Unamwosha kwa sabuni gani?" nikauliza. Hiyo ndiyo salamu niliyoipata.

"Ya watoto wachanga. Maji ya uvuguvugu. Sisugui, na taulo nagusisha tu. Ndivyo walivyomwelekeza hospitali."

"Wewe si ni kinyozi wa wanaume?"

"Ndiyo. Na nusu ya wateja wangu wana upara. Kichwa kitupu hakinitishi, shemeji. Wengine wanakuja niwanyoe ambacho hakipo, nami nawanyoa."

Dada akacheka macho yakiwa bado yamefumbwa. Tangu augue nilikuwa nimemtafutia kicheko kile kila mahali, nikamwigiza Mama Dirisha, nikamwigiza hata daktari, nikaambulia tabasamu la kunionea huruma. Huyu amekipata na kikombe cha plastiki mkononi. Nilimtazama vidole vyake vinene, visivyojua hata kugawa njia, nikatamani maji yamponyoke yamwingie Dada sikioni. Hayakumponyoka.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Mama Dirisha alikuwa mahali pake.

"Mmetoka kwa kinyozi nyote wawili?"

"Ametunyoa wote," Dada akajibu, tukapita.

Mlango ulipofungwa nikaanza mimi.

"Uliniambia kisiguswe."

"Nilikuambia."

"Kwangu kisiguswe, kwa Taratibu kioshwe."

Alikaa kitandani kwake, akavua viatu polepole. "Chini ya kitanda chako kuna nini?"

"Rasta."

"Za nani?"

"Zako."

"Nilikutuma?"

Nikazisukuma ndani zaidi kwa kisigino.

"Mdogo wangu, kila nikiingia humu macho yako yanapanda kwenye kitambaa kabla hujanisalimia. Unanipima. Unadhani sioni? Kila siku unatafuta zile za zamani. Yule bwana nikikaa kwenye kiti chake ananiuliza bei ya nyanya."

"Na anakuziba sikio."

"Ananiziba."

"Nani alimfundisha?"

"Mimi. Maji yalikuwa yananiingia, nikamwambia mdogo wangu huwa anaziba hivi."

Labda alitaka nifurahi. Mimi niliona hata hicho kidogo changu, ambacho hakuna shule ingenifundisha, amekitoa akampa mtu wa mashine na wembe.

Nadhani aliyaona yote usoni mwangu. Alishuka kitandani, akauvuta mkeka wetu kutoka nyuma ya kabati, akautandika na kukaa, mgongo umenielekea. Akafungua kitambaa.

"Haya. Gusa."

Nikakaa kwenye kigoda, magoti yangu pande zote mbili za mabega yake, kama zamani. Nywele zilikuwa bado na unyevu, hazishikiki, zinateleza kama maji. Nilipitisha kiganja kuanzia paji mpaka kisogoni. Kiraka nacho nilikigusa, kilikuwa na joto kuliko pengine, ngozi yake nyororo kama ya kope. Kovu la nyuma ya sikio lilikuwa palepale. Nikasikia mabega yake yakishuka.

"Umeanza," akasema.

"Sijaanza."

"Vidole vyako vimeshagawa njia."

Nikatazama. Kweli, vilikuwa vimeshagawa njia tatu, zimenyooka vizuri, na kidole gumba kinapima kama kuna pa kushikiza. Niliitoa mikono, nikaikalia.

Dada hakusogea. Alikichukua kitambaa, akakitandaza gotini, akaanza kukinyoosha kwa kiganja, kona moja baada ya nyingine.

"Dada," nikasema, "Jumamosi usiende kwa yule. Nitakuosha mimi. Sabuni ya watoto, maji ya uvuguvugu, sisugui. Rasta nitamsukia Mama Dirisha. Usiende tu."

Aliendelea kukinyoosha kitambaa. Kilipokuwa kimenyooka chote alikikunja, halafu akakikunjua, akaanza tena upande wa pili.