Daftari la Glavu

Tangu kiharusi kimpooze mkono wa kulia, fundi cherehani hakuwa na siku isiyo na hasira, lakini za leo zilizidi. Daktari wa mazoezi alikuwa akilinganisha tiba mbili. Kundi la kwanza la wagonjwa waliuficha mkono mgonjwa nyuma ya kioo, wakachezesha mzima na kuutazama humo kana kwamba ndio mgonjwa unaocheza. Kundi la pili, fundi akiwamo, walitakiwa kuvaa glavu nene kwenye mkono mzima kwa saa sita kila siku, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi.

"Mama, wenzako wa kioo sasa wanashika kikombe," daktari alisema, akipekua daftari ambalo binti wa fundi alilijaza nyumbani. "Wewe unavaa glavu bila kukosa, na vidole vimegoma. Kwako tiba hii imeshindwa. Tutaisimamisha."

Kuisimamisha! Na mkasi je, ataushikia nini? Fundi alilivuta daftari. Saa sita, saa sita, saa sita, kwa mwandiko safi wa bintiye. Uongo mtupu! Kila siku glavu ilikaa nusu saa tu, kisha binti akaivua na kumlisha kijiko kwa kijiko. "Inatosha mama, pumzika." Fundi alidhani ndivyo daktari alivyomwagiza binti.

"Umeandika nini hapa?" alimuuliza binti aliyeketi kando yake, ulimi mzito lakini kila neno likisikika.

"Nilikuonea huruma, mama. Ulikuwa unamwaga supu, unalia..."

"Nilikuwa nalia, sikuwa nakufa! Huruma yako imenila mkono!"

Binti aliangua kilio. Fundi hakumbembeleza. Miaka thelathini mkono huo uliwalisha wote, na leo unaambiwa umeshindwa kazi ambayo haukupewa. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

"Daktari, tuanze upya."

"Tunaweza, mama. Ila matokeo yako hayatahesabiwa tena kwenye ulinganisho."

"Nani kaomba kuhesabiwa? Mimi nataka mkono."

Mchana huohuo, nyumbani, alikaza kamba ya glavu kwa meno. Kijiko cha kwanza kilimwagika kifuani, cha pili mezani. Binti, kwa mazoea, alinyoosha mkono.

"Mama, supu itapoa."

"Ipoe! Toa mkono wako hapo. Nitakula mwenyewe, hata nikimaliza kesho."