Pembe Alizoandika Raushan

Katika mji wa Baikonuri, roketi zilipaa watoto wakiwa darasani na hakuna aliyesimama kuzitazama. Kwa hiyo Mwalimu Tamara Lvovna alipowapa darasa la tisa kazi ya vitendo juu ya mwendo wa roketi, Raushan aliiona nyepesi. Baba yake alikuwa mhandisi wa mafuta kwenye kituo cha kurushia roketi. Nani angemshinda?

Walirusha roketi zao za karatasi ngumu wawili wawili, kisha kila mmoja akaandika ripoti yake. Raushan alikuwa na Kamshat, rafiki yake tangu chekechea, msichana wa miwani minene. Nyuma ya gereji, kwenye nyika tupu, Raushan aliwasha fataki ya kuisukuma roketi yao. Kamshat alisimama mita mia moja mbali, akiilenga roketi kwa kipimapembe kilichoning'inizwa uzi wenye nati. Walirusha mara tatu. Pembe zikawa hamsini, arobaini na nane, hamsini na moja. Kwa pembe hizo, roketi ilipanda mita kama mia moja na ishirini.

Hesabu aliyoipiga Raushan kabla ya kurusha ilikuwa imesema mia moja na tisini.

Alirudia hesabu mara nne, haikubadilika. Basi akabadilisha pembe. Zote akazifanya sitini na mbili na desimali kidogo, mambo yakakaa sawa. Hakumwambia Kamshat.

Jumatatu mwalimu alikuja na ripoti zote mbili mkononi.

"Roketi moja, siku moja, vipimo viwili," alisema. "Raushan ana mia moja na tisini, sawasawa na hesabu. Kamshat, wewe mia moja na ishirini. Kipimo ulishika wewe?"

"Nilishika mimi, Mwalimu."

"Kwa miwani ile alipima bata anayepita," Timur akasema kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Kamshat aligeuka akamtazama Raushan, akingoja. Raushan aliinama akajifanya anatafuta kalamu ndani ya mkoba. Aliitafuta mpaka kengele ikalia. Kamshat alipewa alama tatu, yeye akapewa tano, alama ya juu kabisa.

Nyumbani baba aliisoma ile ripoti huku anakunywa chai ya maziwa. Raushan alikaa mbele yake akingoja sifa. Baba alifika kwenye jedwali, akaweka bakuli la chai chini.

"Hizi pembe alisoma nani?"

"Kamshat."

"Mara tatu, na zote zimeangukia kwenye hesabu?" Alivua miwani yake. "Binti yangu, hesabu hii haina hewa ndani yake. Ni kama roketi imerushwa mahali pasipo na upepo wala pumzi. Ulirusha wapi wewe?"

Masikio yalimuwaka Raushan moto. Angependa baba afoke, lakini hakufoka. Alimrudishia karatasi taratibu.

"Kazini kwetu mtu akiandika hivi, tunamwondoa kabla hajaua wenzake," alisema, kisha akaenda kunawa mikono.

Asubuhi, mwalimu hajafungua hata daftari la mahudhurio, Raushan alisimama.

"Mwalimu, Kamshat alipima sawa. Pembe nilizibadilisha mimi."

Hakuna aliyecheka, hata Timur. Mwalimu alifuta ile tano akaandika mbili, alama ya kufeli. Kisha akamwita Kamshat ubaoni, na kwa vipimo vyake wakapiga hesabu ya jinsi hewa ilivyokula mita sabini za roketi yao. Kipindi kizima kilikwisha kwa kazi hiyo, na Raushan alinakili kila mstari bila kuinua uso.

Walipotoka alimfuata Kamshat kwenye ngazi.

"Nisamehe."

"Namba zako hata sizijali," Kamshat alisema. "Ulinisikia wananicheka."

"Nilisikia."

"Na kalamu ilikuwa nyuma ya sikio lako."

Kamshat alishuka ngazi. Tangu siku hiyo alikaa dawati la mbele, na walisalimiana kama wanavyosalimiana watu wa mtaa mmoja. Mwezi Mei ripoti ya Kamshat ilipelekwa kwenye mashindano ya mkoa. Chini ya jina lake aliandika kwamba fataki iliwashwa na Raushan. Raushan aliusoma mstari huo kwenye nakala iliyobandikwa ukutani shuleni, akaona haya upya, akaondoka haraka kabla mtu hajamkuta pale.