Kilichotangulia Unga

Habib alipoulizwa anatumia nini, hakuficha: unga wa heroini, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Alipoulizwa kama husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, alicheka kidogo akautazama mlango.

"Hilo nikilijibu, dada, utanifukuza."

Sumeya, muuguzi wa kliniki ya waraibu huko Kisauni, akaweka kalamu chini. "Nikufukuze kwa lipi?"

"Wote hunifukuza. Daktari wa akili aliniambia niache unga kwanza ndipo anitibu. Nikaenda kwenye nyumba ya kuachia unga, wakaniona nazungumza peke yangu, wakanirudisha kwa daktari wa akili. Basi nikabaki zangu Mtopanga, natengeneza feni."

Wengi pale kliniki wangeandika kwamba sauti zaletwa na unga, wakafunga faili. Huenda ikawa kweli. Lakini Sumeya alikuwa na tabia ya kutoliacha jambo mpaka ajue lilianzia wapi.

"Zinasema nini?"

"Ni wanaume wawili. Wanaelezana habari zangu. Mara, 'Sasa amekaa,' mara, 'Sasa anataka kusema uongo.' Nikivuta hushuka, kama redio iliyopunguzwa."

"Umewahi kukaa muda mrefu bila unga?"

"Nilifungwa miezi minane. Sikuonja hata chembe."

"Na wale wanaume wawili, walinyamaza?"

Habib alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "La," akasema polepole. "Ndio kwanza walizidi. Wakawa hawaniachi nikalala."

Kwa ruhusa yake, Jumamosi Sumeya alikwenda Jomvu Kuu kwa mamake Habib, Bi Barke, mjane aliyekuwa akisomesha Kurani watoto wa mtaa. Alimwamkia, akakaribishwa mkekani, na baada ya kahawa akauliza Habib alikuwaje kabla ya unga.

"Alikuwa kijana mzuri," alisema Bi Barke. "Unga ndio uliomharibu."

"Hakuna jambo lolote lililokushangaza, mama? Hata dogo?"

Bi Barke alikunja upindo wa leso yake. "Palikuwa na yale masikio. Yuwasoma kidato cha tatu, akawa yuwajiziba pamba mchana kutwa, asema kuna watu wamsema. Nalimpeleka kwa daktari wa masikio."

Akaingia chumbani, akatoka na kadi iliyokunjika, imegeuka rangi. Sumeya aliisoma mara mbili. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu kabla Habib hajauonja unga. Chini yake daktari alikuwa ameandika: masikio ni mazima.

"Yasema nini, mwanangu?"

Sumeya akamweleza alivyoelewa, kwamba huenda maradhi yalitangulia, na unga Habib akaufuata baadaye kwa sababu ulizishusha zile sauti. Haikuwa hakika bado. Bi Barke akasema, "Miaka yote hii mimi namlaumu."

Alhamisi iliyofuata, Daktari Wairimu, wa maradhi ya akili, alipopita kliniki, Sumeya alimwekea mezani kadi pamoja na habari ya kifungo. Daktari alimhoji Habib saa nzima, na safari hii hakuambiwa aache kwanza hiki wala kile. Alianzishiwa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, ya kunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi, na vidonge vya zile sauti, vyote siku moja.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili alivuta tena, akaja mwenyewe kusema. Mwezi wa tatu wa dawa, mmoja wa wale wanaume wawili alikuwa ametoweka.

"Na huyu aliyebaki?" aliuliza Sumeya.

"Ananong'ona tu. Jana nimejikuta namtegea sikio nijue asema nini."

Bi Barke, aliyemsindikiza Habib siku hiyo, alikuwa amekaa kando na mkoba mapajani. "Ehe," akamuuliza mwanawe, "na tangu hapo mwanzo, kidato cha tatu, walikuwa wakikwambia nini?"

Habib akavuta kiti karibu naye, akaanza kumweleza.