Pasipoti Kwenye Bati la Biskuti

Kila Alhamisi saa nane mchana, kwa miaka thelathini na miwili, Beryl McElroy alivuka daraja kwenda kucheza karata kwa dada yake. Huwezi kuiita safari. Mto wenyewe ni mwembamba, na maji yakitoka unaweza kumwona mtu wa ng'ambo amevaa soksi za rangi gani. Beryl anakaa upande wa Canada, New Brunswick. Dada yake Winnie anakaa Maine, upande wa Marekani, kwa kuwa zamani hizo aliolewa na fundi wa kiwanda cha mbao wa kule. Sasa wote wawili ni wajane. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni la Beryl, nyumba ya njano ya Winnie unaiona yote, mpaka pazia la chumba cha mbele.

Winnie nyonga ilishamharibikia, gari alishaacha kuendesha, kwa hiyo aliyekuwa akivuka ni Beryl. Alibeba mfuko wa karatasi wenye mwani mkavu wa kutoka kisiwani, maana Winnie anautafuna kama mtoto anavyotafuna peremende.

Halafu mwezi wa pili ukaja. Wakubwa wa ng'ambo wakaanza kusema Canada imezwe, iwe jimbo lao, na ushuru wakapandisha. Mjini watu walichemka. Maduka yalibandika bendera milangoni. Siku moja, baada ya supu ya kina mama katika ukumbi wa kanisa, Muriel Tingley alisimama na bati la biskuti lenye mfuniko mwekundu.

"Maneno matupu tumeshayachoka," alisema. "Anayesema havuki, atie pasipoti yake humu. Zitakaa mpaka watuombe radhi."

Watu wakatazamana. Mkono wa kwanza kwenda kwenye bati ulikuwa wa Beryl. Walimpigia makofi, maana kila mtu alijua habari za Winnie. Kina mama kumi wengine wakafuata, Muriel akazungushia bati utepe wa gundi, akaliweka juu ya kabati la jiko la kanisa.

Jioni ile Winnie alipiga simu.

"Nimesikia umenifungia kwenye bati," alisema.

"Si wewe, dada. Ni nchi yako."

"Kwani mimi ndiye ninayekutoza ushuru, Beryl?"

"Kama wote mngenyanyua sauti..."

"Nina miaka sabini na tisa na nyonga mbovu. Ninyanyue nini?" Akakata simu.

Tangu siku hiyo walizungumza Jumapili tu, tena habari za hali ya hewa. Kwenu kumenyesha? Kumenyesha. Na huko? Huku pia. Ni mvua ileile, mto mmoja, lakini waliulizana hivyo hivyo kama watu wa mabara mawili. Alhamisi ndizo zilizomwelemea Beryl. Ikifika saa nane alikuwa akigeuza kiti chake kiupe dirisha mgongo, akafuma soksi. Mwani aliendelea kuununua, mkono ulishazoea. Mifuko ilijaa kabatini mpaka jiko lote likanuka pwani.

Nia ya kurudi nyuma ilimjia mara nyingi. Lakini aende akamwambie nini Muriel, yeye aliyetia wa kwanza? Atapitaje mbele ya wale waliompigia makofi?

Mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, simu ililia, na haikuwa Jumapili.

"Nyumba imeuzwa," Winnie alisema. "Mwanangu Vera amemtuma mumewe na gari la mizigo. Jumamosi tunaondoka. Nitakaa nao Arizona."

Beryl alishika ukingo wa meza. "Ni mbali huko?"

"Siku tano kwa gari. Huku kumekauka leo. Na huko?"

"Huku pia," alisema Beryl.

Asubuhi yake alivaa koti zuri akaenda kwa Muriel kwa miguu, njiani akipanga maneno.

"Ingia, mwenzangu, usisimame kwenye baridi. Supu ipo."

"Sikuja kula supu. Nimefuata lile bati."

Muriel aliacha kufuta meza. "Bati gani tena?"

"Muriel, usinifanye mtoto. Winnie anahama. Nikimkosa wiki hii sitamwona tena, miaka yetu unaijua. Nisemeni mtakavyo."

Muriel aliweka kitambaa chini. Alichukua funguo za kanisa, wakaongozana mpaka jikoni kule. Alipanda kigoda, akalishusha bati. Beryl aliona mara moja kwamba utepe ulikuwa umekatwa na kubandikwa, ukakatwa tena na kubandikwa tena, mpaka umekuwa mnene kama bandeji. Mfuniko ukafunguka. Ndani mlikuwa na pasipoti moja.

Aliichukua, akaifungua. Ilikuwa yake.

"Nyingine ziko wapi?"

"Hazel alikuwa na harusi ya mjukuu," alisema Muriel, akilitazama jiko. "Joan alikwenda kumzika shemeji yake. Wale wawili wa kule kilimani, sijui, sikuuliza."

"Na wewe?"

"Mimi siagi tu, kule ni rahisi. Na petroli. Mara moja." Akavuta pumzi. "Mara nne."

"Na hamkuniambia."

"Tukuambie vipi, Beryl? Kila aliyekuja kuchukua yake alisema, tafadhali Beryl asijue. Yeye dada yake yuko pale ng'ambo na bado ameshikilia, sisi tumeshindwa kwa ajili ya siagi. Tulikuonea haya."

Beryl alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alijiona kama mtu aliyelinda mlango wa mbele miezi minane, kumbe wenye nyumba walishatokea uani.

"Na mimi nilikuwa nawaonea haya nyinyi," alisema. Akatia pasipoti mkobani, akatoka.

Zamani foleni ya darajani ilifika mpaka kwenye duka la maandazi. Siku hiyo gari lilikuwa moja, lake. Askari wa ng'ambo alitoka kibandani polepole, kama mtu aliyefurahi kupata wa kuzungumza naye.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa dada yangu."

"Utakaa muda gani?"

Swali hilo alishalijibu maisha yake yote bila kufikiri. Leo alikwama. "Mpaka saa kumi na moja," alisema mwishowe.

Nyumba ya njano ilikuwa imebaki mwangwi. Mume wa Vera alikuwa anabeba masanduku. Winnie alikuwa kwenye kiti cha mwisho, fimbo magotini, amepungua kuliko alivyoonekana kutoka dirishani.

"Umechelewa," alisema.

"Foleni darajani, dada."

Winnie alimtazama, midomo ikaanza kumcheza. "Foleni ya miezi minane! Umeniletea mwani?"

"Mifuko thelathini na sita."

Winnie alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akanyoosha fimbo kwenye kalenda, iliyokuwa bado ukutani. Kila Alhamisi ilikuwa na jina moja limeandikwa kwa penseli, Winnie au Beryl.

"Nilikuwa nagawa karata za watu wawili," alisema. "Nikicheza zangu, nikicheza na zako. Umenishinda mara ishirini na moja."

"Mimi sikuwapo."

"Ndiyo. Ukiwa hupo unacheza vizuri zaidi."

Beryl aligeuka kidogo, akajifanya anatafuta leso. "Nisamehe, dada."

"Kata karata, mdogo wangu. Birika limeshafungwa, chai hatuna."

Walicheza juu ya sanduku lililoandikwa VYOMBO, wakihesabia pointi kwenye ubao wa baba yao wenye matundu na vijiti. Winnie alishinda. Saa kumi na moja ilipofika, alimwekea Beryl ubao mikononi. "Vera anacheza kwenye simu," alisema. "Huu utanifia kule."

Jumamosi Beryl alisimama kwenye dirisha la jikoni mpaka gari la mizigo lilipopotea nyuma ya miti.

Alhamisi iliyofuata, saa nane, aligeuza kiti kikaelekea mto. Ng'ambo dirisha halikuwa na pazia tena. Alichanganya karata, akagawa za watu wawili, akacheza zake kisha akacheza za Winnie kwa uangalifu, bila kumwibia. Za Winnie zilikuwa nzuri. Alikisogeza kijiti cha dada yake matundu kumi na mawili. Akangoja kidogo, kama vile kuna mtu wa kumcheka, halafu akachukua penseli akaandika kwenye kalenda: Winnie.