Mvua ya Kila Jumamosi

Kwa heshima na taadhima, mkuu wa shule aliwatangazia wanafunzi waliojaa bwaloni Jumamosi hiyo kwamba mbingu zimeichagua shule yao. Mama mtafiti wa hali ya hewa aliyeketi kando yake alikohoa kidogo, akafafanua: setilaiti haioni wingu lolote, lakini daftari la shule linaonyesha mvua kila Jumamosi.

"Miezi mitatu nimeibembeleza kompyuta iikubali mvua hiyo," alisema mama huyo. "Sasa imekubali. Kesho tunawatangazia wakulima wa hapa wapande."

Makofi yakapigwa. Waziri wa Mvua, kama wenzake walivyomwita mwanafunzi mtunza kipimo cha mvua, akapewa cheti. Alikipokea huku jasho likimtiririka, maana mmoja wa wakulima hao alikuwa bibi yake, na mbegu za bibi zilikuwa debe moja tu.

"Mbona umenywea, Mheshimiwa?" jirani yake alimnong'oneza.

"Hebu nyamaza!"

Mkuu akawaongoza wote kwenda kukiona kipimo kitukufu nyuma ya bweni. Juu yake ilikuwa imetundikwa kaptula ya shule, ikidondosha maji ndani, tone baada ya tone.

"Ya nani hii?"

"Yangu, mwalimu," Waziri alisema. "Jumamosi tunafua, na kamba hujaa. Wiki ya kwanza nilikuta maji, nikaandika mvua, sikujua. Zile nyingine nilijua, ila nilikuwa nimeshazoea kusifiwa. Mama, tafadhali, msimwambie bibi yangu apande."