Damu ya Wifi

Mama alipovuliwa blauzi hospitalini, binti yake, fundi cherehani, alishika mdomo. Bega limevilia damu, mkono mweusi ti, mgongo ndiyo usiseme! Akamgeukia wifi yake, mke wa kaka, maana ndiye anayeishi na mama.

"Ameanguka?" daktari aliuliza.

"Hapana. Yanatokea tu," wifi alijibu.

Yanatokea tu, kama uyoga! Fundi alicheka kwa hasira. Kaka yuko safarini, nyumba ina watu wawili, halafu yatokee tu? Hapo dawa ni polisi, na huyo mke arudi kwao leo leo.

Wifi alipotoka kwenda kununua maji, Fundi alimshika mama kifundo cha mkono, akakaza. "Mama, sema kweli. Anakupiga?"

"Niachie, mwanangu. Hajanigusa."

"Unamwogopa!"

"Kwa sasa nakuogopa wewe."

Daktari naye alikuwa na shaka, ila na damu. Pale alipomchoma sindano, pamba ililowa, ikabadilishwa, ikalowa tena. Akaomba damu ya mtu mwenye afya, achanganye na ya mama aone kama itaganda. Fundi hajafumbua mdomo, wifi aliyerudi na maji keshakunja mkono wa gauni. Anajikosha huyo, Fundi akajisemea.

Mchanganyiko uliganda vizuri.

"Si mmeona? Damu haina neno!" Fundi akatoa simu awaite polisi.

"Subiri," daktari akamwambia. Aliuacha mchanganyiko mwingine wa damu hizo kwenye joto, akaupima alasiri. Haukuganda.

"Mwili wa mama yenu unapigana na damu yake wenyewe," alieleza. "Kile kinachogandisha damu unakiua. Umekiua hata cha huyu mkwe. Ugonjwa huu ni nadra, lakini una dawa. Kwa sasa, hata akishikwa tu anavilia."

"Akishikwa tu? Thubutu!" Fundi bado alikuwa na simu mkononi.

Daktari akainua mkono wa mama. Kwenye kifundo palikuwa na alama mbichi za vidole, na kimoja kifupi. Fundi alikijua. Ni kile alichokatwa ncha na mkasi wa kazini. Wifi naye alikijua.

"Hapa aliguswa na nani?"

Fundi alikikunja kidole kile. Aibu ilimshika mwili mzima.

"Yanatokea tu, daktari," wifi alisema upesi.

Fundi akaweka simu chini, machozi yanamtoka. "Ni mimi," akasema.