Siku ya Kiboko na Waya

Mpango mzima uliandikwa nyuma ya boksi la dawa ya nywele, tena kwa penseli ya nyusi, maana kalamu katika saluni yangu hazikai. Juu niliandika JUMANNE, nikapiga mistari miwili chini yake. Halafu: saa tatu, kuondoka. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Tunaanza na gari la waya," alisema wifi yangu, chanuo likiwa katikati ya meno. Wifi ni dada wa mume wangu, tunasuka pamoja mwaka wa saba sasa, na kwa ubishi hana mpinzani. "Asubuhi mwanga ni mzuri kwa picha. Tukianza kwa bustani ya wanyama tutapanda mlimani tunanuka nyani."

"Kiboko analishwa saa nne na nusu," alisema binti yangu kutoka mlangoni, bado ana begi la shule mgongoni. Huyu tunamwita Kidomo, na ukikaa naye dakika mbili hutauliza kwa nini. "Tukichelewa tutamkuta kashashiba. Kiboko akishiba anakuwa kama jiwe. Jiwe naweza kuliona hata hapa nje."

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Si siku yetu sote?"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akaunga mkono upande wa kiboko. Mwingine aliyekuja kuulizia bei tu akavuta kiti, akaunga mkono upande wa waya. Ndivyo saluni yangu ilivyo. Mtu anaingia na shida yake, anatoka na shida za mtaa mzima.

Mama alikuwa kwenye benchi, anakunja taulo. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nipangeni mnavyotaka. Kiboko kwanza, mlima kwanza, yote sawa. Mradi nipande na mzee wenu."

Wifi akalitoa chanuo mdomoni.

Niwaeleze. Baba yangu amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye gari la waya, kile kibanda cha vioo kinachoning'inia na kupandisha watu mlimani. Alikuwa kituo cha chini, chumba cha mashine, kazi yake kupaka grisi magurudumu yanayovuta waya. Mtaani wanamwita Fundi Grisi. Sisi watoto wake wanne tumekula, tumevaa na tumesoma kwa waya ule. Lakini Mama hajaupanda hata siku moja. Kila mwaka Baba alisema mwaka huu nitakupeleka, na kila mwaka likatokea jambo. Mara mgongo, mara mvua, mara msiba wa mtu ambaye hata hatumfahamu vizuri. Mwishowe akastaafu. Na Jumamosi wazee wangu wanahama, wanakwenda kukaa kwa kaka yangu mkubwa aliyewajengea chumba chao, hakina ngazi hata moja, na mji wenyewe umelala kama sinia. Mlima huko hakuna.

"Nimekaa chini ya waya huu miaka yote," Mama alisema, akilainisha taulo iliyokwisha kulainika. "Nataka niione nyumba yangu kutoka juu mara moja, na yeye yuko pembeni yangu. Nikiulizwa huko mume wangu alikuwa anafanya kazi gani, niseme nimeipanda."

Basi tukakubaliana Jumanne, siku ambayo saluni huwa nafunga; Kidomo ningemwombea ruhusa shuleni. Mume wangu ni dereva, angeomba kibasi cha tajiri wake mpaka saa kumi. Waya kwanza, kiboko baadaye. Wifi alishinda kwa kelele. Na Baba tukamwambia habari ya wanyama tu. Tulijua akisikia waya, mgongo utaanza. Ikawa siri kubwa. Mimi mwenyewe niliwaambia watu sita tu, na wote niliwaapisha.

Siri nyingine ilikuwepo humo humo saluni, imesimama kwenye kona. Taulo zetu tunazianika kwenye ngazi ya mbao, na ngazi hiyo ni ya Baba. Niliichukua siku ya kutundika kibao cha saluni, nikasahau kuirudisha. Nilipokuja kukumbuka, Baba alikuwa kashamtuhumu jirani wa nyuma, mwenzake wa drafti. Sasa miaka miwili hawamalizi mchezo bila ngazi kutajwa. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi kusema? Na Baba saluni haingii, anasema dawa zetu zinamtia mafua. Mama anajua. Mama ndiye aliyesema, "Iache hapo hapo, wazee wapate cha kubishania."

Jumatatu mchana akaja mteja wangu mmoja, mama anayekata tiketi kituo cha chini cha waya. Huja kila baada ya wiki tatu, na huja na habari mpya. Nikamwambia naye, wa saba huyo, kwamba kesho tutakuwa wageni wake asubuhi na mapema.

Akanitazama kwenye kioo. "Kesho Jumanne?"

"Ndiyo."

"Jumanne asubuhi hatufungui. Waya unapakwa grisi mpaka saa saba mchana. Na ratiba hiyo kaipanga baba yako! Hamkumuuliza?"

Chanuo likaniponyoka. Tulikuwa tumewauliza watu wa mtaa mzima isipokuwa mtu mmoja, na ndiye aliyekuwa na jibu. Nikamgeukia Mama. Ameweka mkono mdomoni.

"Nimefua ovaroli ya grisi kila Jumanne jioni," alisema polepole. "Kila Jumanne. Grisi mpaka kwenye mifuko. Na nimekaa hapa nasema Jumanne, Jumanne."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kibasi kinarudi saa kumi, bustani ya wanyama iko upande mmoja wa mji na mlima upande mwingine, na mkata tiketi alisema hiyo saa saba foleni huwa imeshafika barabarani. Siku nyingine hatuna. Jumatano ni kufunga mizigo, Alhamisi Kidomo ana mtihani, Ijumaa mume wangu yuko safarini. Nikachukua boksi langu, nikavuka uani kwa Baba.

Alikuwa kwenye kigoda, amefungua feni ambayo haikuwa mbovu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja habari ya waya."

"Nani kakuambia?"

"Fundi viatu. Muuza maji. Na yule mwizi wa ngazi yangu, kaniuliza nitavaa shati gani." Akanyoosha mkono. "Lete hilo boksi."

Alilisoma kama daktari anavyosoma cheti, anaguna. Akatoa penseli sikioni, akakata mstari wangu wa kwanza na wa pili na wa tatu.

"Anzeni kwa kiboko, mtoto yuko sahihi. Twiga msiwafuate, jua likipanda watakuja wenyewe kwenye uzio. Nyoka acheni, mama yako hataki kuwaona. Saa sita kamili mko ndani ya kibasi. Saa saba kila mtu anataka kuwa wa kwanza, wanasukumana. Nyinyi waacheni. Kaeni kwenye kivuli cha chumba cha mashine, kuna benchi nimeitengeneza mwenyewe. Kibanda kimoja kinabeba watu ishirini, foleni yote inakwisha kwa nusu saa. Mpande saa saba na nusu. Na mtaufaidi, maana waya uliotoka kupakwa grisi hauna hata mkwaruzo, unapanda kama uzi kwenye hariri."

Akaandika chini kabisa: tiketi tano.

Nikahesabu kwa vidole. Mimi, mume wangu, Wifi, Kidomo, Mama.

"Baba, hujajiandika."

Akairudia feni. Akafunga parafujo, akaifungua, akaifunga tena.

"Baba."

"Sijawahi kupanda," alisema, akiiambia feni.

"Miaka thelathini na moja?"

"Kazi yangu ilikuwa chini. Siku ya kwanza waliniingiza kibandani wanionyeshe nguzo. Nikatazama chini ya miguu yangu, nikaona sakafu, halafu kando ya sakafu nikaona hewa. Mlango haujafungwa nikatoka. Nikamwambia bosi mimi napenda mashine, niwekeni kwenye mashine." Akapangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na grisi. "Nimewatuma juu watu wa dunia nzima, mwanangu. Mimi mwenyewe naogopa. Mama yako anadhani nilikuwa na shughuli nyingi."

"Mama yake anajua tangu mtoto wa kwanza!"

Sauti ilitoka nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Mama alikuwa kanifuata, na kwa kusikiliza hajambo. Akayafunua mashuka kama pazia.

"Mwanamume ananunua ngazi, taa nabadilisha mimi. Ulidhani naona nini? Ulipanda vidato viwili siku ile ukasema una kizunguzungu cha njaa, na tulikuwa tumetoka mezani."

"Sasa kama ulijua, mbona umening'ang'ania miaka yote?"

"Nilikuwa nakungoja. Nilisema siku moja atachoka kuogopa." Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa karibu naye. "Lakini Jumamosi tunahama, Baba Watoto. Sina tena miaka ya kungoja. Nikipanda na hawa, nitakuwa mtalii tu. Nataka kupanda na mwenye waya."

Baba akainamia feni. Kwa mbali kibanda kilikuwa kinateremka mlimani, kidogo kama punje ya mchele. Niliona anakifuata kwa pembe ya jicho.

"Ufumbe macho," Mama alisema. "Njia nzima. Mimi nitaangalia, nitakusimulia."

"Utanisimulia nini?"

"Lini nimewahi kukosa cha kusimulia?"

Baba akaishika tena penseli. Akachukua boksi, akafuta tano, akaandika sita. Ndogo kweli, kama ya mtu anayetaka baadaye aseme si mwandiko wake.

Jumanne saa nne na nusu kiboko alifungua kinywa, kabichi nzima ikaingia, na Kidomo akatutazama mmoja mmoja kama shahidi aliyeshinda kesi. Twiga walikuja wenyewe kwenye uzio, kama ilivyoandikwa. Nyani mmoja alimwonyesha Wifi makalio, na picha hiyo sasa iko ukutani saluni. Baba alicheka na watu wote, alieleza kila kitu, ila kadiri saa ilivyosogea alizidi kutazama upande wa mlima, na kwenye kibasi alishika mgongo.

"Unauma?" Mama aliuliza.

"Bado," alijibu Baba, na mume wangu akaongeza mwendo.

Tulikaa kwenye benchi ya Baba kivulini. Vijana wa karakana walitoka kumsalimia na mikono yao ya grisi, akaonja ile grisi kwa vidole, akasema imekolea. Saa saba na nusu foleni ilikuwa imekwisha. Mkata tiketi alipomwona Baba anasogea mlangoni alisimama dirishani na tiketi sita mkononi, akasahau kuzikata.

Baba aliingia kama mtu anayeingia maji ya baridi. Akashika bomba la kujishikilia kwa mikono miwili, akafumba macho. Mama akampitishia mkono kwenye kiwiko. Mlango ukafungwa, na kwa kweli hapakuwa na mkwaruzo. Niliona tu miti inashuka.

"Simulia," Baba alisema, meno yamebana.

"Tumevuka barabara. Naiona shule. Naona nguo za mke wa fundi viatu, kaanika mashuka ya maua, kumbe anayo! Alisema hana ya kuniazima wageni walipokuja."

"Endelea."

"Naona saluni, kibao chake kimepinda. Ile pale nyumba yetu. Mungu wangu, ndogo! Bati la jikoni limeota kutu, hukuniambia. Tumelea watoto wanne kwenye kitu kinachoenea kwenye kiganja." Akakisogelea kioo. Nikaona jasho kwenye paji la Baba, na vidole vyake vimekazana kwenye bomba. Nguzo ya kwanza ilikuwa inakuja, na pale kibanda huwa kinayumba. Mama naye aliiona.

"Ee!" akasema. "Na ile juu ya paa la jirani wa nyuma si ngazi?"

Baba akafumbua macho.

"Wapi?"

"Pale. Nyuma ya pipa la maji."

"Pipa lipi? Wapi, mama wee, nionyeshe!" Aliachia bomba mkono mmoja, akabandika uso kwenye kioo. Kibanda kikapita nguzo, kikayumba, tukapiga kelele wote, yeye akakipiga kioo kofi akitutaka tunyamaze, tunamsumbua anatafuta. Mtaa wote ulikuwa chini yake, paa kwa paa, na mto, na barabara, na chumba cha mashine alimofanyia kazi miaka thelathini na moja, kidogo kama kiberiti. Alikuwa anavitazama vyote kimoja kimoja.

Wifi aliniangalia. Mimi niliangalia mlima. Kidomo akafungua mdomo aseme taulo tunazianika wapi, nikamziba kwa kiganja.

Juu tulikaa saa nzima. Mama alitembea kila upande, Baba kamshika mkono, naye sasa ndiye anayesimulia, ile nguzo ya ngapi, ule waya una nyuzi ngapi ndani yake. Mama aliitikia kila kitu kana kwamba hajawahi kusikia. Saa tisa kasorobo nikawaita, kibasi kinangojwa.

Nilidhani Baba atafumba macho tena. Alitangulia, akawapita watu wawili, akachukua nafasi ya mbele kabisa kwenye kioo.

"Njoo usimame hapa," alimwambia Mama, akimpisha. "Wakati wa kupanda jua lilikuwa machoni. Sasa hiyo ngazi tutaiona vizuri."